Kumpa Kijana Riwaya: Mpendekezaji ni Shahidi

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake wote.

Ama baad. Ndugu zangu, kila likizo ndefu ya Julai na Agosti wadogo zetu hurudi kutoka shule za bweni, na darsa ya Jumamosi hapa Ndera hujaa. Jumuiya yetu ina sanduku la vitabu ambalo vijana huazima baada ya darsa. Ndani yake mna vitabu vya sira, vya fiqhi, na riwaya chache. Riwaya ndizo zinazoisha kwanza, na ndizo zinazoleta maneno.

Maswali yanayotufikia ni mawili, nayo huchanganywa. Wazazi huuliza: je, inafaa Muislamu kusoma visa vya kubuni? Vijana huuliza: nisome nini? Swali la kwanza tunalijibu haraka, mara nyingine kwa neno moja. La pili tunalinyamazia, na kijana akinyamaziwa hutafuta jibu kwenye simu.

Katika somo hili nitaanza na hukumu, kisha niende kwenye jambo ambalo naona limesahauliwa, yaani wajibu wa yule anayependekeza. Neno lenyewe linatusaidia. Katika Kiswahili cha kila siku riwaya ni kisa kirefu cha kubuni. Katika elimu ya hadithi riwaya ni upokezi, fulani kapokea kwa fulani. Hayo ni mambo mawili yaliyo mbalimbali kabisa, na asiyachanganye mtu. Lakini adabu ya upokezi inaweza kutuongoza tunapompa kijana kitabu na kumwambia, "Soma hiki, ni kizuri."

Mas'ala ya kwanza: hukumu ya visa vya kubuni

Wanaokataza hutegemea aya ya 6 ya Sura Luqman, inayowalaumu wanaonunua mazungumzo ya upuuzi ili kuwapoteza watu na njia ya Mwenyezi Mungu. Ibn Mas'ud (r.a.) aliifasiri kwa nyimbo. Wengine wametaja kisa cha al-Nadr bin al-Harith, mfanyabiashara wa Makka aliyejifunza huko Hira visa vya wafalme wa Uajemi, vya Rustam na Isfandiyar. Mtume (s.a.w.) alipoinuka kwenye kikao, al-Nadr alikaa mahali pake na kuwaambia watu kwamba visa vyake yeye ni vitamu zaidi. Al-Wahidi ameitaja sababu hii ya kushuka aya kutoka kwa al-Kalbi na Muqatil, wapokezi ambao wanazuoni wa hadithi hawakuwategemea. Hata hivyo ni maarufu katika vitabu vya tafsiri, na inafaa tuitazame vizuri.

Al-Nadr alilaumiwa kwa lipi? Aya yenyewe imetaja kusudio: kupoteza watu, tena bila ilimu, na kuifanyia dhihaka njia ya Mwenyezi Mungu. Imam al-Tabari, baada ya kutaja kauli zote, anaelekea kusema kwamba aya ni ya jumla, inakusanya kila mazungumzo yanayomtoa mtu katika njia hiyo. Kwa hiyo kipimo ni kile ambacho kisa kinamfanyia mtu. Riwaya inayomfanya kijana aache swala ya Alfajiri kwa sababu alikesha nayo imeingia katika lawama, hata kama ndani yake hamna neno baya hata moja.

Upande wa pili dalili ni nyingi. Katika Bukhari na Muslim kuna hadithi ndefu ya Umm Zar'. Bibi Aisha (r.a.) alimsimulia Mtume (s.a.w.) kisa cha wanawake kumi na mmoja waliokaa wakaahidiana kusema kweli yote kuhusu waume zao, mmoja baada ya mwingine. Mtume alisikiliza mpaka mwisho, kisha akajifananisha kwake na Abu Zar' alivyokuwa kwa Umm Zar'. Hakumwambia kwamba visa vya waume za watu ni kupoteza wakati. Pia Mtume ameruhusu kusimulia habari za Bani Israil. Ibn Hajar al-Haytami, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu ya Shafi, alichukua kutokana na ruhusa hiyo kwamba inafaa kusikiliza mambo ya ajabu kwa kujiburudisha, na hata yale yanayojulikana kuwa hayakutokea, ikiwa makusudio ni kupiga mifano, kuwaidhi au kufunza ushujaa, kwa ndimi za watu au za wanyama. Kauli yake imenukuliwa pia katika vitabu vya Kihanafi.

Na Waislamu waliandika. Ibn al-Muqaffa' alitupatia Kalila na Dimna katika karne ya 8. Al-Hariri, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat na akaandika utangulizi wa kuitetea, akisema kwamba hakuna mwanachuoni aliyewahi kukataza visa vya wanyama, na kwamba amali huenda na nia. Ibn Tufayl, aliyefariki 1185, alitunga kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa kisiwani akakua mpaka akamjua Muumba kwa kutafakari. Ukikisoma leo utaona ni kisa cha kijana anayekua, jambo lile lile ambalo riwaya za vijana za zama zetu zinalishughulikia.

Kwa ufupi, asili yake ni ruhusa. Kinachoharamisha ni kusudio la upotofu, kupuuzwa kwa faradhi, kuipamba haramu, na kumzushia Mtume (s.a.w.) jambo ambalo hakulisema wala kulifanya.

Mas'ala ya pili: dhambi inasimuliwaje?

Hapa ndipo ugumu ulipo. Riwaya za vijana zina mapenzi, zina dhuluma, zina watu wanaokosea. Mzazi akifungua ukurasa mmoja akaona jambo baya, anakifunga kitabu.

Tuirudie Sura Yusuf, aya 111. Mwenyezi Mungu mwenyewe ameeleza mwanzoni mwake, katika aya ya 3, kwamba anatusimulia simulizi bora kabisa. Ndani yake mna wivu wa ndugu, mtoto aliyetupwa kisimani, mtoto aliyeuzwa kwa thamani ndogo, mwanamke aliyefunga milango, uzushi, na jela. Al-Shahrastani, aliyefariki 1153, ametaja katika al-Milal wa al-Nihal kwamba palikuwa na kundi la Makhawariji lililoikataa sura hii isiwe katika Qur'an, kwa madai kwamba kisa cha mapenzi hakiwezi kuwamo katika maneno ya Mungu. Umma mzima ukawaona wapotofu. Tuwe na hadhari, basi, tusije tukawa na utakatifu wa kundi lile.

Lakini sura hiyo pia ina adabu yake ya kusimulia, nayo inatupa kipimo. Kwanza, uovu umeitwa kwa jina lake. Yusuf (a.s.) anakataa palepale, na kumtaja Mola wake. Pili, simulizi haikai chumbani. Milango imefungwa, kanzu imechanika, na mara tuko mlangoni na mwenye nyumba. Msikilizaji anaelewa kila kitu bila kuoneshwa kila kitu. Tatu, kitendo kina mwisho. Miaka inapita, ukweli unadhihiri, na yule mwanamke anakiri.

Kwa hiyo, tukiishika riwaya tusiulize tu, "Je, mna dhambi ndani yake?" Tuulize: je, mwandishi anamwita msomaji aitazame dhambi, au anamwita aionje? Je, mtu anayeumia anaonekana, au ameachwa nyuma ili kisa kiwe kitamu? Je, kitendo kina matokeo?

Mas'ala ya tatu: masharti ya mpendekezaji

Wanazuoni wa hadithi walimtaka mpokezi awe na mambo mawili makubwa: uadilifu, yaani awe mkweli wa dini na tabia, na dhabti, yaani awe amekihifadhi barabara anachokipokeza. Mcha Mungu mwenye kusahau sana hakukubaliwa, na hodari wa kuhifadhi aliye mwongo hakukubaliwa. Nayatumia mambo hayo mawili kwa anayependekeza kitabu, na naongeza la tatu.

La kwanza ni kukisoma mpaka mwisho. Imam Muslim, katika utangulizi wa Sahihi yake, ameleta onyo la Mtume (s.a.w.) kwamba yatosha mtu kuwa mwongo kwa kusimulia kila alichokisikia. Anayependekeza kwa kuona jalada lenye picha ya binti wa hijabu anasimulia alichokisikia. Hali kadhalika anayekataza kwa kusikia.

La pili ni kumjua unayempa. Kitabu kimoja ni dawa kwa huyu na ni mzigo kwa yule. Umri pekee hautoshi. Yupo wa miaka 17 ambaye hajawahi kufiwa, na yupo wa miaka 13 anayelea wadogo zake.

La tatu ni kubaki. Ukishatoa kitabu, kaa mahali ambapo kijana anaweza kukupata akimaliza. Mfano mzuri wa jambo hili umo ndani ya riwaya yenyewe. Katika Petit Pays ya Gaël Faye, mvulana Gabriel anakua Bujumbura wakati vita vinakaribia. Jirani yake, Bi Economopoulos, mama wa Kigiriki, ana nyumba iliyojaa vitabu. Anamwazima kimoja, na anaporudisha anamwuliza kuhusu alichokisoma. Mvulana huyo hajawahi kuulizwa hivyo na mtu mzima. Nje ya ua mitaa inaharibika, na kwa muda kitabu na swali lile ndivyo vinavyomshika.

Vitabu vitano

Hivi nimevisoma vyote mpaka ukurasa wa mwisho. Nimevipanga kuanzia kilicho chepesi.

When Stars Are Scattered, cha Victoria Jamieson na Omar Mohamed (2020). Ni kisa cha kweli kilichochorwa kwa vibonzo. Omar na mdogo wake Hassan, Wasomali, wamekulia kambi ya Dadaab huko Kenya bila wazazi. Hassan ana ulemavu na kifafa, na neno lake ni moja tu: Hooyo, yaani mama. Omar anatakiwa kuchagua kati ya kwenda shule na kumlinda mdogo wake. Kingereza chake ni chepesi, hata aliye sekondari mwaka wa kwanza atakimaliza kwa siku mbili. Swala na Ramadhani zimo kama zilivyo katika maisha, bila kuhubiriwa. Wengi wetu tumesoma darasa moja na wenzetu waliotoka Kiziba au Mahama. Baada ya kitabu hiki hutamwangalia mwenzako wa kambini kwa huruma ya juujuu, maana utakuwa umejua kungoja ni nini.

Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Si mpya, lakini nimeiweka kwa sababu kijana wa Rwanda anayejifunza Kiswahili anahitaji riwaya itakayomvuta mpaka asahau kwamba anajifunza. Kongowea Mswahili, mtoto wa mwimbaji maarufu wa taarabu wa Tanga, anafiwa na mama na anasafiri mpaka magharibi mwa Kenya kumtafuta baba ambaye hajamwona. Wadogo zetu wasiomjua mzazi mmoja ni wengi, nao huficha. Hiki ni kitabu chao.

The House of Rust ya Khadija Abdalla Bajaber (2021). Mwandishi ni wa Mombasa, na mwaka 2022 kitabu hiki kilipata tuzo ya kwanza kabisa ya Ursula K. Le Guin. Aisha, binti wa Kihadhrami, anaposikia baba yake mvuvi amepotea baharini, anaingia katika chombo cha mifupa akiongozwa na paka anayesema. Huko anakutana na viumbe vya kutisha. Mzazi mmoja aliniuliza kama hiyo si shirki. Nilimjibu kwamba paka wa Aisha na wanyama wa Kalila na Dimna ni jamaa moja. Msomaji haambiwi aamini, anapigiwa mfano. Na mfano wenyewe ni wa kina, kwa sababu nusu ya pili ya kitabu inauliza swali ambalo mabinti wengi wanalo: ukisharudi kutoka baharini, utakubali kukaa tena mahali ulipowekwa? Kingereza chake ni kizito. Wape wa miaka ya mwisho ya sekondari.

Peponi ya Abdulrazak Gurnah. Iliandikwa kwa Kingereza mwaka 1994 kwa jina la Paradise. Mwandishi alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, na mwaka uliofuata tukaipata kwa Kiswahili kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis. Yusuf, wa miaka 12, anachukuliwa na tajiri anayemwita Ami Aziz, na polepole anagundua kwamba huyo si ami yake: baba yake ana deni, na yeye ndiye rehani. Mwanafunzi wa Sura Yusuf atatambua alama njiani. Kuna uzuri wa sura, kuna mke wa tajiri, kuna nguo inayochanwa kwa nyuma. Lakini Yusuf wa Gurnah hapati hazina ya nafaka wala kiti cha enzi. Hapo ndipo pa kufundishia. Kisa cha Mwenyezi Mungu kinatuonesha mipango yake mpaka mwisho, ilhali mwanadamu anayeishi katikati ya kisa chake mwenyewe haoni mwisho huo. Kuna mambo ya kikubwa ndani yake, basi kisomwe kwa pamoja, sura baada ya sura.

Petit Pays (2016), niliyokwisha kuitaja. Ilipata tuzo ya Goncourt ya wanafunzi wa sekondari wa Ufaransa mwaka huohuo. Ni ya Kifaransa, na kwa waliosoma baada ya mfumo wetu wa elimu kuhamia Kingereza ipo tafsiri, Small Country. Hiki ndicho kitabu ninachokitoa kwa uangalifu mkubwa kuliko vyote. Mama yake Gabriel anarudi kutoka Rwanda mwaka 1994 akiwa si yule aliyeondoka, na kuna mauaji yanayosimuliwa waziwazi. Hapa petu kila nyumba ina habari yake. Usimpe mtu kitabu hiki katika wiki za Kwibuka kwa kudhani kwamba unamfariji. Muulize kwanza, na akisema "si sasa," usimuulize sababu.

Kitabu kilichotolewa sandukuni

Kuna cha sita, na ndicho kilichonifanya niandike somo hili. Saints and Misfits ya S. K. Ali, mwandishi Muislamu wa Kanada, ilitoka mwaka 2017. Ilichapishwa na Salaam Reads, idara iliyoanzishwa 2016 ndani ya shirika la Simon & Schuster mahsusi kwa vitabu vya watoto na vijana vyenye wahusika Waislamu. Janna ni binti wa hijabu anayesoma sekondari Marekani. Kijana mmoja wa msikitini kwao, hafidh wa Qur'an anayeheshimiwa na wote, alijaribu kumbaka. Janna ananyamaza. Kila anapofungua mdomo anaona heshima ya yule kijana imesimama mbele yake.

Likizo iliyopita wazazi walikiona sandukuni na wakataka kiondolewe. Hoja zao zilikuwa mbili, na zote ni za watu wanaoipenda dini yao. Ya kwanza: kinawachafua mahafidh. Ya pili: kinamfundisha binti kumshuku kila mtu wa msikitini.

Kwa ya kwanza, turejee tena kwa Yusuf. Palikuwa na madai mawili, na shahidi wa nyumba ile hakusema, "Huyu ni mke wa mtukufu, huyu ni mtumwa." Alisema kanzu itazamwe, imechanika mbele au nyuma. Cheo kiliwekwa kando na dalili ikafuatwa. Kama cheo cha mke wa mtukufu hakikutosha kuwa ushahidi, basi na cheo cha hifdhi hakitoshi. Anayeihifadhi Qur'an ameibeba amana kubwa, na kumtetea kwa kufunika dhuluma ni kuidharau amana hiyo. Aya ya 148 ya Sura An-Nisaa imemtoa mdhulumiwa katika katazo la kudhihirisha maneno mabaya, na Imam al-Nawawi katika Riyadhu Salihin ameweka kushtaki dhuluma mwanzoni mwa mambo sita yanayohalalisha kumtaja mtu kwa ubaya wake.

Kwa hoja ya pili, ukweli ni kwamba kitabu chenyewe hakimfanyi kila mtu wa msikitini kuwa mbaya. Ami yake Janna ndiye imamu, mtu mpole anayejibu maswali ya waumini kwa subira. Kuna Sausun, binti wa niqabu mwenye ulimi mkali, anayemsimamia Janna. Imani ya Janna haivunjiki, bali ndiyo inayomfikisha kwenye kusema. Nina la kutahadharisha pia: Janna anampenda kijana asiye Muislamu, na jambo hilo linachukua kurasa nyingi. Msomaji aambiwe mapema, na lizungumzwe.

Tulikaa na wazazi, tukafikia makubaliano. Kitabu hakimo tena sandukuni. Kiko kwa dada mmoja wa jumuiya aliyekisoma. Binti wa miaka 16 na kuendelea anayekitaka humwomba yeye, na akikirudisha hukaa naye. Wengine waliona tumeshindwa, mimi naona tulipata riwaya yenye sanad: kitabu kina mtu anayekijua, na huyo mtu anamjua msomaji.

Muda si mrefu binti mmoja alikirudisha na swali. "Dada, kama ni mtu anayesalisha watu, nani ataaminiwa?" Akasema anauliza kwa ajili ya rafiki yake wa shuleni. Dada hakuuliza rafiki huyo ni nani. Alimwambia kwamba rafiki anaaminiwa, kwamba kosa si lake, na kwamba zipo huduma za Isange, zilizoanza mwaka 2009 katika hospitali ya Kacyiru, ambako aliyedhulumiwa hupata daktari, mshauri na polisi mahali pamoja. Wakaandika na namba ya simu. Sijui kama orodha yoyote ya vitabu vizuri ingelizaa mazungumzo hayo bila mtu wa kuzungumza naye.

Tanbihi kuhusu huzuni

Sisi wa Ndera tunajua jina la mtaa wetu linavyotumiwa mjini. Kwa sababu hospitali ya magonjwa ya akili iko hapa, mtu akitaka kumtukana mwenzake humwambia anafaa kupelekwa Ndera. Kijana anayesikia mzaha huo kila siku hatasema kwamba halali usiku. Lakini ataazima kitabu cha huzuni, kisha kingine, kisha kingine. Mpendekezaji mwenye dhabti huona mfululizo huo.

Kwa hiyo sipendekezi kiholela riwaya zinazoishia kwa mtu kujiua, hata zikiwa na sifa kubwa. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi (1971) ni mfano. Tanzania iliwahi kuikataza mashuleni, na baadaye ikasomwa sana. Inaonesha vizuri jinsi ukali wa baba unavyoweza kumwangamiza binti, na mzazi akiisoma atafaidika pengine kuliko mwanawe. Lakini mwisho wake ni mzito, na anayeibeba moyoni peke yake anaweza kuelemewa. Isomeni mkiwa wengi, na mwenye dalili za kuzama apelekwe kwa watu wa tiba. Kutafuta dawa ni katika sunna, na hospitali yetu si mzaha.

Kwa waandishi wetu

Mtaona kwamba katika vitabu vyote nilivyovitaja, vya Kiswahili ni vichache, na vinavyomzungumzia kijana Muislamu wa Rwanda sijavitaja. Kiswahili kimekuwa lugha rasmi hapa tangu 2017, na kabla ya hapo kwa miaka mingi kilikuwa kikiitwa lugha ya Waislamu wa Biryogo. Tunayo lugha, tunavyo visa. Mwaka 2014 ilianzishwa tuzo ya Mabati-Cornell kwa ajili ya maandishi ya Kiswahili. Mwenye kalamu aanze. Na tusio na kalamu, maktaba ya umma ya Kigali iko Kacyiru. Tuanze kwa kusoma kabla ya kupendekeza.

Maswali ya halaka

1. Al-Nadr bin al-Harith alisimulia visa, na Bibi Aisha (r.a.) alisimulia kisa. Taja tofauti tatu kati ya vikao hivyo viwili.
2. Soma aya ya 23 hadi ya 35 za Sura Yusuf. Ni mambo gani ambayo Qur'an haikuyasimulia, na kwa nini?
3. Fikiria kijana mmoja unayemjua. Ungempa kitabu kipi kati ya hivi, na kipi usingempa? Eleza bila kumtaja jina.
4. Mzazi anakuomba ukiondoe kitabu ambacho hajakisoma. Utaanza kwa kumwambia nini, na utamsikiliza katika lipi?

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azitakase nia zetu, atujaalie tuwe mashahidi wa haki kwa wadogo zetu, na awape faraja wote wanaobeba visa ambavyo bado hawajapata wa kuwasimulia. Amin.